Nataka kumpeleka mama Edinburgh: Mei, Agosti au Septemba? Na kwa nini chumba kilekile kinapanda mara tatu?

#1 Kijiko cha Chai
Wakuu, salaam. Dada yangu anaishi Edinburgh, Uskochi, na mwaka huu wa 2026 tumekubaliana nimpeleke mama akamwone. Mama ana miaka 68, mwalimu mstaafu, magoti yanamsumbua kidogo, na baridi haipendi hata ile ya kiyoyozi. Ila ana hamu ya siku nyingi: akione chuo alichosoma Mwalimu Nyerere.

Dada amepanga chumba kimoja, kwa hiyo sisi tutalala nje. Nimeingia mtandaoni kuangalia vyumba nikachanganyikiwa. Chumba kilekile, kitanda kilekile, katikati ya Mei bei inavumilika. Ukisogeza tarehe hadi Agosti inakuwa karibu mara tatu. Nikasema labda Agosti ndiyo jua lenyewe. Kuangalia hali ya hewa: nyuzi 19! Sasa hawa watu wanalipia nini? Mnaoishi huko nisaidieni: tuende mwezi gani, na hiyo bei ya Agosti inasababishwa na nini hasa?

#2 Chalii wa Makuyuni
Ngoja waje wenye uzoefu. Mimi ulaya yangu inaishia Namanga.

#3 Bi Mkubwa wa Leith
Karibu sana kwetu. Jibu ni fupi: tamasha. Mwaka 1947 walianzisha Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, vikundi 8 ambavyo havikualikwa vikaja hivyohivyo, vikaonyesha kazi zao pembeni. Hao waliokuja bila mwaliko ndio leo wanaitwa Fringe, na Agosti mji ni wao. Ongeza Tattoo, yale maonyesho ya bendi za jeshi na bagpaipu usiku mbele ya Ngome, nayo inachukua karibu mwezi mzima.

Barabara ya Royal Mile mwezi huo hutembei, unasukumwa. Kila hatua mbili kijana kajipaka rangi usoni anakushikisha kipeperushi cha onyesho lake. Ukifika mwisho wa barabara mfuko umejaa karatasi. Mama mwenye magoti mabovu usimlete Agosti.

#4 Msemakweli77
Tamasha lipo, sikatai, lakini watu wa Edinburgh kila kitu wanasingizia tamasha. Angalia shule. Za Uskochi zinafungwa mwisho wa Juni na kufunguliwa katikati ya Agosti. Za Uingereza zinafungwa karibu mwisho wa Julai, zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Kwa hiyo mwanzo wa Agosti watoto wa pande zote mbili wako nyumbani kwa wakati mmoja na wazazi wanatafuta pa kuwapeleka. Hata ungefuta Fringe leo, bei ingepanda.

#5 Bi Mkubwa wa Leith
#4 kaka, Glasgow ni mwendo wa treni dakika 50 hivi. Likizo za shule zilezile, watoto walewale. Mbona kule Agosti hawaumizani hivi?

#6 Mtu wa Bukavu
Nani kataja Glasgow? Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi hapa. Ndugu Kijiko, mlete mama alale Glasgow, asubuhi mnapanda treni, mnashuka Waverley katikati kabisa ya Edinburgh, jioni mnarudi. Na huku makumbusho ya Kelvingrove hamlipi kitu. Watu wa Glasgow watazungumza na mama hata kwenye foleni ya maziwa. Edinburgh wanakusalimia kwa ratiba.

#7 Bi Mkubwa wa Leith
Tumeanza. Mwambie na mvua ya kwenu basi.

#8 Kocha wa Vijiweni
Mtu wa Bukavu, hujamwambia mwenzako kwamba mwaka huu Glasgow wana Michezo ya Jumuiya ya Madola, tarehe 23 Julai mpaka 2 Agosti. Victoria ya Australia walijitoa 2023, Glasgow wakaibeba, ila michezo wamepunguza, imebaki 10. Akipanga kukimbilia Glasgow wiki hizo atakuwa ameruka majivu akakanyaga moto.

#9 Mtu wa Bukavu
Kweli. Wiki hizo asije. Baada ya hapo karibu.

#10 Fundi wa Mitaa
Mnabishana juu ya wanaokuja, hamwangalii vitanda viko vingapi. Tangu Oktoba 2023 Edinburgh huwezi kupangisha nyumba kwa siku mbili tatu bila leseni ya halmashauri. Wengi wa vyumba vya mtandaoni wameachana na hiyo biashara. Wageni ni walewale, vyumba vimepungua, mwenye hoteli anapanga bei anavyotaka. Na msisahau wasanii nao wanalala! Maelfu ya waigizaji wanahitaji kitanda mwezi mzima kabla hata mtazamaji hajafika.

#11 Bi Mkubwa wa Leith
Hapo kwenye wasanii nakuunga mkono. Jirani yangu Agosti anahamia kwa mama yake, nyumba anawaachia waigizaji.

#12 Fundi wa Mitaa
Ana leseni?

#13 Bi Mkubwa wa Leith
Mambo ya jirani muulize jirani.

#14 Mama Kijacho
Habari zenu. Nilisikia ni kodi mpya ya watalii. Siyo hiyo inayopandisha?

#15 Fundi wa Mitaa
Hapana dada, ingawa ni vizuri umeitaja. Edinburgh wanaanza kutoza asilimia 5 ya gharama ya malazi kwa wanaolala kuanzia tarehe 24 Julai 2026, kama walibuku tarehe 1 Oktoba 2025 au baadaye. Inahesabiwa kwa siku tano za kwanza tu, ukikaa wiki mbili hizo zilizobaki hulipi. Asilimia 5 haiwezi kugeuza bei mara tatu. Ila kwa Kijiko ina maana moja: akienda Mei haimgusi.

#16 Kijiko cha Chai
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo sababu ziko nne na kila mmoja ana yake. Sasa nirudi kwenye mvua. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kusafiri kaniambia Uskochi inanyesha kila siku ya Mungu, mama atarudi na nimonia. Kweli?

#17 Chalii wa Makuyuni
Wazee wa mtaani hawanaga data lakini wana sauti.

#18 Fundi wa Mitaa
Kuna kitu wengi hawakijui. Edinburgh kwa mwaka inapata mvua ya milimita 700 hivi. Dar es Salaam inapata kama 1,100. Yaani Dar inaizidi Edinburgh kwa mbali. Sababu ni kwamba mawingu yanatoka Atlantiki, upande wa magharibi, yanamwaga maji kule kwanza. Yakifika mashariki yamepungua. Ndiyo maana Glasgow nayo inavuka 1,100 wakati miji yenyewe imeachana kilomita 75 tu.

#19 Kocha wa Vijiweni
Acha kumpiga mama wa watu kamba na milimita. Dar ikinyesha inamwaga saa mbili, Jangwani wanahama, kesho jua. Edinburgh hiyo 700 yako wanaigawa kidogokidogo, leo manyunyu, kesho manyunyu, keshokutwa manyunyu na upepo. Mvua ya kule hailoweshi, inachosha.

#20 Bi Mkubwa wa Leith
Nyote wawili mko sahihi. Aprili na Mei ndiyo miezi isiyo na mvua nyingi huku, Agosti inanyesha kuliko Mei, wageni wengi hilo hawalitegemei. Na mwavuli usibebe, mkuu. Simama daraja la North Bridge siku ya upepo utazame pipa la taka: miavuli imechomekwa mbavu juu, imevunjika, kila rangi. Mnunulie mama koti la mvua lenye kofia inayofungwa kidevuni.

Tatizo la Mei ni lingine, sisi tunaliita haar. Ukungu wa baharini. Unaamka jua linawaka, unatoka na shati jepesi, saa sita mchana unaona kitu cheupe kinapanda kutoka baharini, kinameza Leith, kinapanda mjini, Ngome yote inapotea kana kwamba haijawahi kujengwa. Joto linashuka hapohapo. Ukipanda basi kuelekea magharibi maili chache, unakuta wenzako wanakula aiskrimu juani. Ukungu huo unatokana na hewa ya uvuguvugu kupita juu ya maji ya Bahari ya Kaskazini ambayo masika bado ni ya baridi.

#21 Msemakweli77
Ndiyo maana mimi siku zote nasema Septemba. Bahari imeshapata joto, ukungu umepungua, watoto wamerudi shule, wasanii wameondoka, milima ya nje ya mji bado ina yale maua ya zambarau. Nyuzi 16, 17. Jua linazama saa moja na nusu jioni, muda wa kawaida kwa binadamu.

#22 Bi Mkubwa wa Leith
Septemba hoteli bado hazijashusha, tuwe wakweli. Na wanafunzi wanarudi, kila mzazi kaja kumsindikiza mtoto na friji. Mei mwanzoni ile bustani ya Meadows miti ya cheri inachanua pande zote za njia, tena njia yenyewe ni tambarare. Magoti yatafurahi.

#23 Njombe Asilia
Nyie watu wa pwani mnaogopa nyuzi 15? Sisi Makete Julai tunaamka mahindi yameungua kwa jalidi na tunaenda shamba. Mpeleke mama Novemba bei ikiwa chini.

#24 Dada wa Kinondoni
#23 mkuu, mimi nilienda mwishoni mwa Novemba, kaka yangu alikuwa anahitimu shahada ya uzamili. (Kwa wasiojua: wale wa kozi ya mwaka mmoja wanamaliza Agosti, mahafali yao yanakuwa Novemba. Wa shahada ya kwanza ni Julai.) Baridi yenyewe si tatizo, kipimajoto kilisema nyuzi 6, nikasema Lushoto naiweza. Tatizo ni upepo. Tulitoka ukumbi wa McEwan Hall kupiga picha, joho la kaka likamfunika uso, mpiga picha anacheka, mimi machozi yananitoka na siyo ya furaha. Na kufika saa kumi jioni ni usiku, taa zimewaka, unajisikia umeonewa.

Ila nikiri, bei zilikuwa za kibinadamu, na lile soko la Krismasi la Princes Street lilikuwa limeshafunguliwa. Shemeji alikula soseji mpaka tukamzuia.

#25 Njombe Asilia
Sawa, upepo sikuuhesabu. Lakini jalidi la Makete mliheshimu.

#26 Mpemba Halisi
Assalaam alaykum. Kaka Kijiko, mama anaswali? Nauliza kwa sababu hamjagusa jambo la jua, na jua ndilo litakalomtesa kuliko mvua.

#27 Kijiko cha Chai
Wa alaykum salaam. Anaswali, na hapitwi na kipindi.

#28 Mpemba Halisi
Basi sikiliza. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini. Mwezi wa Juni, tarehe 21, jua linatoka saa kumi na nusu alfajiri, linazama saa nne usiku. Maghribi saa nne! Na wekundu wa mbingu hauondoki usiku kucha, kwa sababu jua halishuki vya kutosha chini ya upeo. Sasa Isha inaingia lini? Misikiti inakadiria, na huu anakadiria hivi, ule vile. Utakuta watu wanaswali Isha karibu na saa sita usiku, na Alfajiri hiyo hapo mlangoni. Mtu mzima wa miaka 68 atalala saa ngapi?

Desemba ni kinyume. Jua linatoka karibu saa tatu kasorobo asubuhi, linazama saa tisa na dakika 40 mchana. Adhuhuri, Alasiri na Maghribi zimebanana ndani ya saa tatu na nusu. Ukiingia dukani umeswali Adhuhuri, ukitoka umeshachelewa Alasiri.

Katikati ya Mei Maghribi ni saa tatu na kitu usiku, inahimilika. Septemba ndiyo inakaribia ya kwetu. Hapo namuunga mkono Msemakweli, ingawa simjui.

#29 Msemakweli77
Shukran sheikh. Hatimaye mtu mwenye akili kaingia kwenye uzi.

#30 Bi Mkubwa wa Leith
Haya, Septemba mbili, Mei moja. Bado sijashindwa.

Kijiko, jambo moja la kheri: Msikiti Mkuu upo Potterrow, hatua chache tu na majengo ya Chuo Kikuu. Ukumbi wa McEwan Hall uleule wa Dada wa Kinondoni uko hapo jirani, na Old College, lile jengo la zamani lenye kuba, ni kwenda mguu. Chakula cha halali kipo Nicolson Square, watu wanaita Mosque Kitchen, biriani na kari. Mama anaweza kuswali Ijumaa, akala, akatembelea chuo cha Mwalimu bila kupanda ngazi za maana. Mwepushe tu na vile vichochoro vya Royal Mile vinavyoteremka kwa ngazi za mawe, vinateleza.

#31 Chalii wa Makuyuni
Mwalimu si alisoma uchumi pale, akachukua masters?

#32 Msemakweli77
Hapana. Alikuwa pale 1949 hadi 1952, na alitoka na MA. Lakini kwa vyuo vikongwe vya Uskochi MA ni shahada ya kwanza, siyo ya uzamili kama tulivyozoea. Alichanganya masomo, uchumi ukiwemo, na historia, na Kiingereza. Na Hastings Banda wa Malawi naye alipita hapohapo Edinburgh, kwenye udaktari.

#33 Kocha wa Vijiweni
Mama akimaliza kwa Mwalimu, apite bustani ya Princes Street akamwone Livingstone, sanamu yake iko hapo jirani na ule mnara mweusi wa Walter Scott. Kazaliwa Blantyre nje kidogo ya Glasgow mwaka 1813, akafia kwa Chitambo, na sisi tukabeba maiti yake.

#34 Mzawa wa Bagamoyo
"Sisi" nani? Watumishi wake kina Susi na Chuma ndio waliobeba, mpaka Bagamoyo 1874. Wewe umebeba nini, Kocha?

#35 Kocha wa Vijiweni
Nabeba lawama za jukwaa hili. Halafu hamjazungumza mpira. Wakenya mko wapi? Mchezaji wenu Victor Wanyama alimfunga Barcelona kwa kichwa pale Celtic Park, Novemba 2012, mbili moja. Kijiko akienda Mei anaweza kuwahi mechi za mwisho za ligi. Juni hakuna kitu, viwanja vimelala.

#36 Mswahili wa Likoni
Tupo mkuu, Wanyama tunamkumbuka kila mwezi wa kumi na moja kama sikukuu. Nyinyi mna Simbu, bingwa wa dunia wa marathon, ngojeni Glasgow mpate dhahabu nyingine.

#37 Kocha wa Vijiweni
Glasgow 2026 haina marathon ndugu yangu. Mbio za barabarani wamezitoa. Simbu atatazama kwenye TV kama mimi.

#38 Mama Kijacho
Yaani Tanzania tunapata bingwa, wao wanatoa mbio. Kwa nini lakini?

#39 Fundi wa Mitaa
Gharama. Wamekusanya michezo kwenye viwanja vichache vilivyopo tayari. Turudi kwenye mada jamani, mwenye uzi anatusubiri.

#40 Dada wa Kinondoni
Kwenye mada basi: viza. Wote mnachagua miezi kama vile mna pasi za kule. Maombi ya viza ya matembezi huwezi kuyapeleka mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya kusafiri, na jibu kwa kawaida ni wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole, hapo ukiwa na bahati ya nyaraka safi. Kuna wakala mmoja alitushauri tukate tiketi zisizorudishwa kabla viza haijatoka "ili muonekane mko makini". Viza ilichelewa, tiketi zikaungua, wakala simu haipokei. Kijiko, chukua chumba kinachoruhusu kufuta bure, tiketi ya ndege ifuate viza. Kama ni Mei, maombi yawe tayari Februari.

#41 Kijiko cha Chai
Hii imenisaidia kuliko zote, asante dada. Na Mwaka Mpya je? Dada yangu anasema sherehe yao ya Hogmanay haina mfano.

#42 Bi Mkubwa wa Leith
Ikifanyika. Mwisho wa 2024 waliifuta ya mitaani kwa ajili ya upepo, watu wameshapanda ndege kuja. Na Januari mbili kwetu Uskochi ni sikukuu pia, maduka mengi yanalala. Utamfungia mama hotelini na jua la saa saba tu kwa siku nzima.

#43 Njombe Asilia
Juni nayo mbona hakuna anayeitetea? Wanafunzi wameondoka, tamasha bado.

#44 Bi Mkubwa wa Leith
Juni siyo mbaya, tena chuo kinapangisha vyumba vya mabweni ya Pollock Halls kwa wageni, chini ya kile kilima cha Arthur's Seat. Ila mkitaka kwenda milimani kaskazini mtakutana na usubi, wadudu wadogo kama nukta, wanauma kwa maelfu. Mjini hawapo.

#45 Mpemba Halisi
Na Isha ya saa sita usiku nimeshaisema.

#46 Mama Kijacho
Mama akiwa huko si atapanda mabasi bure? Nimesikia wazee wa zaidi ya miaka 60 hawalipi.

#47 Fundi wa Mitaa
Ni kwa wakazi wa Uskochi wenye kadi maalumu. Mgeni analipa. Lakini tramu ya kutoka uwanja wa ndege inafika katikati ya mji, haina ngazi, mizigo inaingia vizuri. Tangu 2023 inakwenda mpaka Newhaven, inapita Leith kwa Bi Mkubwa.

#48 Bi Mkubwa wa Leith
Akishuka hapo nitampikia wali wa nazi mwenyewe. Mei lakini.

#49 Msemakweli77
Rushwa hii.

#50 Kijiko cha Chai
Nimewasoma wote. Dada anasema likizo yake kazini ni nusu ya pili ya Mei, au wiki mbili za Septemba ambazo bosi hajathibitisha. Nimeanza kukusanya taarifa za benki za mama. Kuna kifaa chochote cha kununua kabla? Nafikiria ile adapta ya umeme, Kariakoo zipo.

#51 Mswahili wa Likoni
Nunua mbili, zinapotea.

#52 Dada wa Kinondoni
Asinunue hata moja. Soketi zao ni za pini tatu bapa, zilezile za kwetu. Hizo hela aongezee kwenye koti.